Mrejesho: kuwapongeza maafisa probesheni ofisini kwetu

Wakuu nimerudi, niliuliza tuwapongezeje maafisa probesheni (wale wanaosimamia wanaotumikia adhabu nje ya jela) na fungu halipo, mkashauri tusifie kazi yenyewe badala ya vyeti vya jumla. Basi sahivi kikao cha Jumatatu kila mtu anamtaja mwenzake na alichofanya, juzi katajwa dada aliyefunga safari mpaka kijijini kuandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii (yaani maisha na mazingira ya mshtakiwa), hakimu akaisoma akampa kijana huduma kwa jamii, yaani kazi za kijamii bila malipo, badala ya jela (sheria ya Tanzania ya huduma kwa jamii ya 2002 inaruhusu kama kifungo hakizidi miaka 3), yaani dada alifurahi mno kutajwa! Taarifa nazo tunarushiana kwenye grupu la WhatsApp, ila majina ya wanaotumikia adhabu marufuku kabisa. Maafisa wa wilayani bado wako kimya, hao ndo nawapigia simu wiki hii. Asanteni sana.