Jirani anajenga gorofa 18 na hatukuulizwa, kortini tuseme nini?

Mkaazi_Kile: Wadau naomba msaada. Hapa kwetu Kileleshwa, Nairobi, upande huu ni apatimenti za gorofa nne nne tangu zamani, sasa ploti ya jirani imezungushwa mabati na bodi imewekwa inasema gorofa 18. Notisi hatukuona getini wala kwa gazeti, tukaandikia ofisi husika barua na imelala huko hadi leo. Ekskaveta imeshaanza kuchimba na ukuta wetu wa nyuma umepata ufa. Majirani wengine wanataka twende korti tumwonyeshe jaji gorofa 18 ni nyingi mno, maji ya mfereji yenyewe ni ya mgao na sewa ni ile ile ya zamani, lakini wakili mmoja ametuambia jaji hataki kusikia habari ya urefu. Sasa kama si urefu kesi ni ya nini?

Loya_Mtaani: Pole sana. Amewaambia ukweli ila amewakatia maelezo. Kwa kesi ya mapitio jaji hakai kwa kiti cha afisa wa mipango aamue ploti ibebe gorofa ngapi, yeye anauliza uamuzi ulifikiwa vipi. Wanaoguswa walipewa notisi? Walisikizwa? Pingamizi zilisomwa na mtu? Hiyo ni Kifungu 47 cha Katiba pamoja na ile sheria ya 2015 ya haki katika maamuzi ya ofisi za umma, na Sheria ya Mipango ya 2019 inamtaka anayeomba kibali atangazie umma na kualika pingamizi. Kwa hivyo maji na sewa msiyatupe, semeni haya ndiyo tungewaambia kama tungeulizwa na hakuna mahali kwa uamuzi yanaonekana yalifikiriwa.

Kitu kingine, kesho asubuhi andikeni mkiomba sababu za kibali kwa maandishi na mpigiwe muhuri wa kupokea. Wasipotoa, ile sheria ya 2015 inasema korti itachukulia uamuzi haukuwa na sababu nzuri mpaka wao wathibitishe vingine. Naumia sana kuona watu wakiruka hii hatua, maana haiwagharimu chochote.

Jamaa_wa_Mjengo: Mimi niko upande wa wajenzi na nataka pia tusikizwe. Mtu amekopa benki, amelipa ada zote, ana kibali mkononi, halafu kifutwe bila hata kuitwa? Hiyo Kifungu 47 ni yetu pia, kwa hivyo mkienda korti mshirikisheni mwenye ploti kwa kesi, msimzunguke. Na kabla ya korti kuna ile kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, siku 14 baada ya uamuzi, ukitoka hapo ndio unaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukiiruka kesi inaweza kutupwa bila jaji kufungua hata ukurasa wa ufa wenu.

Mkaazi_Kile: Asante kaka, lakini hizo siku 14 tunahesabu kutoka lini na sisi uamuzi tuliusoma kwa mabati?

Loya_Mtaani: Hapo ndipo kesi yenu iko. Hauwezi kumnyima mtu habari halafu umwambie amechelewa. Pelekeni rufaa kwa kamati sasa hivi mkieleza tarehe mliyojua na mliijuaje, na kama mnaenda korti moja kwa moja ombeni rasmi msamaha wa kupitia kamati, sheria inaruhusu kukiwa na hali ya kipekee, lakini lazima muombe, jaji hatawapa tu kwa huruma. Leseni ya NEMA, ile mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nayo ina njia yake, Tribunali ya Mazingira, siku 60, msichanganye hizo mbili. Ufa upigeni picha leo na muite injinia aandike ripoti.

Shosh_wa_Block_B: Wanangu, tukishinda hizo gorofa zinapunguzwa?

Loya_Mtaani: Shosh, si lazima. Mara nyingi korti inafuta kibali na kurudisha ombi likaamuliwe upya, safari hii mkisikizwa, na wanaweza kupitisha 18 zile zile kama wana sababu za kweli. Ndio maana nawaomba ripoti ya injinia na rekodi za mgao wa maji ziwe tayari mapema, urefu utajadiliwa huko kwa kaunti na hapo mtahitaji karatasi mkononi.