Matandazo ya plastiki: faida kwa muuzaji, uchafu unabaki kwenye udongo wa mkulima

Wadau, hili jambo limenifika shingoni na leo nalisema lote.

Tunauziwa karatasi za plastiki za kutandaza kwenye matuta. Zinazuia magugu, zinatunza unyevu, mavuno yanaongezeka. Sibishi, hayo yote zinafanya. Ninachouliza ni kile ambacho muuzaji hagusi kabisa: msimu ukiisha, utaitoaje?

Jaribu kuivuta. Jua limeichoma miezi kadhaa, imekakamaa, ukishika ncha inachanika mkononi. Pale pembeni ilipofukiwa ili upepo usiibebe ndipo inapokatikia, nusu inabaki chini. Kwenye matundu ya miche, mizizi imeshapenya na kuishona na udongo. Unaokota vipande vya juu mpaka mgongo unauma, kisha haro, ile zana ya trekta ya kulainisha udongo, inapita na kuvikatakata vilivyobaki. Msimu unaofuata unatandaza nyingine juu ya hayo mabaki.

Inachanika kwa sababu ni nyembamba mno, na ni nyembamba kwa sababu kiwanda kinabana malighafi. China, ambako matandazo haya yaliingia mwishoni mwa miaka ya 1970, kiwango cha mwaka 2017 kilipandisha unene wa chini kabisa kutoka milimita 0.008 hadi 0.01 ili karatasi iweze kukusanywa. Bado ni nyembamba kuliko unywele mara kadhaa! Lakini angalau walikubali kwamba tatizo linaanzia kiwandani. Kwingine mkulima ndiye anaitwa mchafuzi.

Na tafadhali, asije mtu hapa kuniambia plastiki haiozi kwa hiyo haidhuru. Haiozi, ila inavunjika, kipande kinakuwa vipande, vipande vinakuwa chembe zisizoonekana kwa macho. Kipande kikubwa kinaziba njia ya maji, mzizi ukikifikia unapinda. Udongo wenye afya una mabonge madogo yaliyoshikana, na katikati yake nafasi za hewa na maji, humo ndimo wadudu na vijidudu wanamoishi. Chembe na nyuzi za plastiki zinavuruga huo mshikamano. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, walichanganya chembe za plastiki kwenye majani makavu wanayokula minyoo ya ardhini. Dozi zilipokuwa kubwa, minyoo ilidumaa na mingi zaidi ikafa. Ni kweli dozi zile zinazidi za shamba la kawaida, lakini sisi tunaongeza kila msimu na hatupunguzi. Minyoo hiyohiyo ndiyo inayozibeba chembe kuzishusha chini zaidi, ambako hakuna jembe wala mkono utakaozifikia.

FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kwamba mwaka 2019 kilimo na ufugaji vilitumia tani milioni 12.5 za bidhaa za plastiki. Siyo matandazo peke yake: kuna mipira ya umwagiliaji wa matone, nyavu, kamba za kufungia majani, hata punje za mbolea zilizovikwa plastiki ili ziyeyuke polepole. Hizo za mbolea ndizo zinanitia hasira kuliko zote, maana zimetengenezwa zibaki shambani tangu mwanzo. Nani ataokota ganda la punje?

Wauzaji wakibanwa wanaleta "plastiki inayooza". Soma lebo vizuri. Nyingine ni plastiki ileile iliyotiwa dawa ya kuharakisha kusambaratika, na Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bidhaa za aina hiyo kuanzia Julai 2021. Ya kuoza kweli ina kipimo chake: kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 17033 kinadai angalau asilimia 90 igeuke kuwa hewa ya kaboni ndani ya miaka miwili, ikipimwa kwenye udongo. Muuzaji akishindwa kukuonyesha cheti cha namna hiyo, usimpe hela yako.

Mimi nataka mawili. Karatasi zote ambazo haziwezi kuvutwa zikatoka nzima ziondolewe sokoni. Na anayeuza achukue mabaki yake msimu ukiisha, kwa gharama yake, iandikwe kabisa kwenye risiti. Kama kuna anayemfahamu muuzaji anayefanya hivyo tayari, aeleze hapa utaratibu wake ukoje.