Naomba ushauri: kufuta taarifa za vinasaba zinazogusa familia nzima

Ndugu wanajamvi, salaam. Dada yangu alipeleka mate kwenye kampuni inayopima asili ya ukoo, akaweka tiki kwenye kisanduku cha kuruhusu utafiti na kingine cha kutafutiwa ndugu. Mimi sikupimwa, lakini kwa kuwa watoto wa baba na mama mmoja hushirikiana wastani wa asilimia 50 ya vinasaba, naona siri yangu imetoka pamoja na yake. Hofu hii si ya bure: mwaka 2018 polisi wa California walimfikia mtuhumiwa wa mauaji ya zamani kupitia vinasaba vya jamaa zake wa mbali.

Niliiandikia kampuni, ikajibu kwamba mwenye akaunti pekee ndiye anayeweza kuomba kufutiwa. Dada amekubali, ila fomu inasema taarifa zilizokwishatumika katika utafiti hazirudishwi. Isitoshe, faili ghafi, yaani data ya vinasaba vyake kama ilivyotoka kwenye kipimo, alishalipakia kwenye tovuti nyingine ya nasaba.

Je, kufuta akaunti huteketeza pia mate yaliyohifadhiwa maabara, au huombwa kivyake? Na mimi nisiye mteja, naweza kudai uthibitisho wa maandishi kwamba ufutaji umefanyika?