Ukoo Wetu: Idi Yuko Njiani na Baiskeli

Shangazi Mwanaidi: Idi mwanangu kimya tangu asubuhi, uko wapi? Naona umesoma meseji hujajibu

Dada Rehema: Shangazi muache akanyage, akianza kuchati huku anaendesha ndo tutamfuata hospitali

Idi: Shikamooni wakubwa wote. Nipo hai, tumekaa kivulini mimi na Salum tunahema. Jamani upepo. Ule mlima wa jana niliolalamika humu naupa heshima yake sasa, mlima unauona mwisho wake kule juu unajiambia nikifika pale nimemaliza halafu kuna mteremko wa kukulipa. Upepo wa uso hauna kilele. Barabara tambarare imenyooka kama rula, gia ya mlimani, mwendo wa mtu anayefanya jogingi, ukiacha kukanyaga kidogo tu baiskeli inasimama, hata kwenye mteremko tumekanyaga, si dhuluma hiyo?

Kaka Hamisi: Sasa utashtaki wapi 😂😂

Mjomba Athumani: Marahaba. Idi upepo haushindwi kwa nguvu. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakupinga mara nne, kwahiyo ukilazimisha ule mwendo wako wa siku zote unamaliza miguu bure. Kubali kwenda polepole. Weka gia nyepesi, miguu izunguke kama mara 80 kwa dakika, viwiko ukunje, mgongo uinamishe. Na mko wawili, mmoja akae nyuma ya mwenzie karibu kabisa mpeane zamu

Idi: Zamu tunapeana mjomba ila Salum mwembamba, nikikaa nyuma yake upepo wote bado wangu

Salum: Mimi nikikaa nyuma ya Idi naweza hata kusinzia

Shangazi Mwanaidi: Usisinzie!! Na lile goti vipi?

Idi: Goti bado shangazi. La kushoto, kwa mbele, hapa kwenye pia. Asubuhi linakuwa poa, mchana linaanza tena

Mjomba Athumani: Goti likiuma mbele angalia siti kwanza, mara nyingi iko chini. Ikiwa juu sana maumivu yanakuja nyuma ya goti

Idi: Siti sijaigusa tangu tuondoke mjomba

Mjomba Athumani: Wewe hujaigusa, barabara imeigusa. Kaa juu, Salum akushike, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unanyooka?

Idi: Haunyooki. Na ule utepe niliofunga kwenye bomba la siti kama alama umeshazama ndani, bolti imelegea. Aisee

Dada Rehema: 😂😂 mjomba daktari wa magoti. Na vile vidole vilivyokufa ganzi? Ni kidole kidogo na cha pete au vyote?

Idi: Hivyohivyo viwili

Dada Rehema: Basi ni ule mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, unaugandamiza kwenye usukani masaa yote hayo. Badilisha mkao wa mikono kila mara, usiweke uzito wote mbele, kung'uta mikono mkisimama. Ikifika hatua unashindwa kufunga kifungo cha shati usijikaze, simama kabisa upumzike. Maji mnakunywa?

Salum: Tunakunywa mengi dada mpaka kichwa kinauma

Dada Rehema: Mengi matupu? Jasho linatoka na chumvi mnarudisha maji peke yake, chumvi ya damu inapungua, ndo kichwa na kichefuchefu vinaanza. Kunyweni kwa kiu na mle kitu chenye chumvi. Na msisubiri njaa, akiba ya sukari mwilini ni ya masaa machache tu ukiwa unakanyaga kweli, ikikata unaona mtu anatetemeka na hasira juu

Salum: Kumbe zile hasira za Idi juzi zilikuwa njaa, mi nikajua ndo urafiki umeisha

Kaka Hamisi: Mi bado sijaelewa kwanini hamkupanda basi

Mjomba Athumani: Hamisi, kuna mtu anaitwa Thomas Stevens, aliondoka San Francisco 1884 akamalizia Yokohama 1886, kazunguka dunia kwa baiskeli, baharini alipanda meli. Baiskeli ile ya gurudumu kubwa mbele dogo nyuma, pedali zimefungwa kwenye gurudumu lenyewe, gia hakuna, tairi mpira mgumu usio na upepo. Muulize yeye kwanini hakupanda basi

Kaka Hamisi: Mabasi hayakuwepo mjomba

Mjomba Athumani: Treni zilikuwepo.

Idi: Wazee tumesimama tena. Tumesikia TING nyuma, spoku imekatika, gurudumu linacheza linagusa breki

Mjomba Athumani: Upande wa gia?

Idi: Ndio, umejuaje

Mjomba Athumani: Huko ndo zinakazwa sana, na mzigo wote umeuweka kwenye keria. Kuweka mpya mpaka ufungue gia zote za nyuma, hapo barabarani huwezi bila kifaa chake. Fanya hivi, ile iliyokatika izungushie kwenye jirani yake uifunge na utepe isije ikaingia kwenye cheni. Halafu spoku mbili za karibu za upande wa PILI legeza nusu mzunguko, rimu itarudi katikati. Breki ya nyuma ilegeze waya. Mzigo mzito hamishia mbele, au mpe Salum

Salum: Mjomba jamani

Shangazi Mwanaidi: Breki moja? Idi panda gari urudi

Idi: Shangazi breki ya mbele ndo yenye nguvu, na mpaka kwa fundi ni tambarare tupu. Tayari nimefunga, inapita bila kugusa. Nazima data, chaji imebaki kidogo

Shangazi Mwanaidi: Tuma picha kwanza nione umekondaje

Idi: [picha]

Shangazi Mwanaidi: Hilo vumbi lote ni lako?

Dada Rehema: Nimekuza hiyo picha. Idi, pale pembeni ya tairi la nyuma ni mpasuko au uchafu?

Idi: Uchafu huo

Idi: Ngoja niangalie

Salum: Si uchafu