Ushauri: Kazi yangu ya video imealikwa tamasha la mtandaoni, nikubali au nisubiri ukumbi?

Binti_Temeke: Habari za jioni wadau. Natengeneza video za majaribio, zile zisizo na waigizaji wala hadithi. Kazi yangu ya sasa ina dakika 12 na karibu yote ni chenga. Mnazikumbuka: TV ya chogo, mtu yuko juu ya bati anazungusha antena, ndani mnapiga kelele "hapo hapo!" Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, chogo la bibi likabaki na chenga tu. Bibi aliendelea kuliwasha kila jioni kwa sababu aliuzoea ule mwanga. Nilizirekodi, pamoja na sauti yake akisimulia.

Nimeshashiriki matamasha mawili ya mtandaoni. La kwanza nililipa ada ya dola 35, kazi ikachaguliwa, nikafurahi mno. Siku ya kuonyeshwa nafungua, chenga hakuna! Zimekuwa matofali ya kijivu yanayoteleza. Watazamaji walikuwa 9, na mmoja aliuliza kama intaneti yake ndiyo mbovu. Nililia usiku ule. La pili picha ilikuwa afadhali, ila miezi 7 baadaye nikakuta kazi bado iko wazi kwenye tovuti yao, na tamasha la ukumbini likanikataa kwa sababu hiyo.

Sasa la tatu wamenialika bila ada. Wanataka kuiweka wazi siku 10, dunia nzima, na jibu wanalitaka Ijumaa.

Fundi_Mawimbi: Pole sana dada. Programu ya kubana video hulinganisha fremu na iliyotangulia, ikatunza kilichobadilika tu. Ukuta nyuma ya mtangazaji haubadiliki, kwa hiyo hubanwa kirahisi. Chenga hubadilika zote, mara 25 kwa sekunde, programu inazidiwa na kuzifuta. Waulize wanarusha megabiti ngapi kwa sekunde. Wakisema 4 au 5, kataa. Kwa chenga mimi nisingeshuka chini ya 20, na hapo faili lako litafika kama GB 1.8. Faili lako la asili lisilobanwa sana (ProRes 422 HQ) ni karibu GB 16, usithubutu kulipandisha kwa bando la simu. Kuza picha iwe 4K, yaani yenye pikseli nyingi zaidi, kabla ya kutuma. Punje za chenga zikiwa kubwa zinastahimili. Halafu omba kiungo cha majaribio ukakiangalie kwenye simu ya kawaida.

Mswahili_Essen: Jirani zangu hapa Oberhausen wana tamasha la filamu fupi tangu 1954. Mei 2020 korona iliwalazimisha kulifanya lote mtandaoni, na waliuza tiketi. Kwa hiyo mtandaoni si lazima iwe "wazi kwa wote". Omba tiketi, omba saa 48 badala ya siku 10, na tarehe ya kuiondoa iandikwe kwenye mkataba. Neno "kumbukumbu ya tamasha" ukiliona humo, uliza maana yake kabla ya kusaini. Nadhani hapo ndipo lile la pili lilipokuumiza.

Mtu_wa_Forodhani: Mimi nakataa kabisa. Kazi ya mwanga inataka giza na ukuta. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ipo ng'ambo ya maji tu, Ngome Kongwe pale. Ukikosa hiyo, tandika shuka uani kwa bibi, ukodi projekta. Watu 30 waliokaa chini pamoja ni bora kuliko 3,000 wanaopitisha kidole.

Kaka_Buja: Mkuu, wewe una ngome jirani. Mimi niko Bujumbura, na matamasha ya mtandaoni ndiyo pekee niliyofika bila viza wala nauli. Mtazamaji mmoja wa mbali aliniandikia kurasa mbili kuhusu kazi yangu. Uani kwetu hilo halijawahi kutokea. Dada, usifunge mlango, weka masharti.

Binti_Temeke: Asanteni sana. Nimewaandikia leo: tiketi, saa 48, megabiti 20, tarehe ya kuondoa. Wakikataa hata moja, siendi. Na kaka wa Forodhani, shuka la uani nimelipenda, nitalifanya kabla ya mvua za masika. Nilipomweleza bibi, aliuliza kitu kimoja: huko watamsikia vizuri? Sauti nayo inabanwa hivyo hivyo?

Fundi_Mawimbi: Inabanwa, lakini sauti ya mtu hustahimili kuliko chenga. Itume kwa kilobiti 320 kwa sekunde. Mwambie bibi shikamoo, watamsikia.