Kuna tamthilia ya anga za juu ambayo watu hulipia maji?

Fundi wa Umoja

Wadau, salama? Swali hili mke wangu amechoka kulisikia, basi nawaletea nyinyi.

Nimetazama sayansi ya kubuni tangu enzi za DVD za shilingi hamsini pale River Road. Ile Star Trek ya nahodha Picard na wenzake, ya 1987 hadi 1994, naipenda, lakini kuna jambo linanikera. Mtu anasimama mbele ya ukuta, anasema chai, chai inatokea. Nani analipa? La Forge yupo, najua, tena ni fundi hodari, ila shida zake zote huisha kabla ya saa moja na hakuna siku amekosa spea. Mimi kazi yangu ni umeme. Spea ndiyo kazi yenyewe.

Iliyonishika ni The Expanse. Sehemu ya kwanza kabisa, ya 2015, kuna meli kuukuu inaitwa Canterbury inayobeba barafu kutoka pete za Zohali kupeleka Ceres, kijisayari chenye makazi, ambako watu huishi kwa mgao wa maji. Meli inalipuliwa. Huko Ceres kifo cha mabaharia ni habari mbaya, lakini maji yasiyofika ndiyo yanayowatoa watu barabarani. Nilikuwa naitazama korido ya ploti yetu imejaa mitungi, bomba likikohoa hewa tu, na sikuhitaji mtu wa kunieleza. Halafu kuna jamaa ambaye hakubadilisha vichujio vya hewa na watoto wanaugua kifua. Mpelelezi Miller anamfungia kwenye chumba cha mlango wa kutokea nje, kusiko na hewa, ili aonje kukosa pumzi. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Landilodi wangu angefaa aione hiyo.

Sasa nipeni nyingine za aina hiyo. Sitaki staringi aliyetabiriwa kabla hajazaliwa, na sitaki mwana wa mfalme. Nataka mtu mwenye zamu na deni.

Shosh wa Sayari

Fundi, rudi kwenye Star Trek hiyo hiyo, ila shuka Deep Space Nine, tamthilia dada yake. Tafuta sehemu inayoitwa "Bar Association", ya 1996. Rom anafanya kazi kwenye baa ya kaka yake Quark, sikio linamuuma mpaka anaanguka, kwa sababu pale hakuna ruhusa ya kuugua. Anaanzisha chama cha wafanyakazi na wote wanagoma. Mimi nimewahi kuwa weita katika hoteli moja hapa mjini, ukiumwa unakatwa siku. Hiyo sehemu nimeirudia mara nyingi kuliko vita vyote vya angani.

Kiti cha Nyuma

Si anga za juu, lakini Sense8 mmeisahau? Watu wanane wa miji tofauti wameunganishwa akili, na mmoja wao, Capheus, ni dereva wa matatu hapa hapa Nairobi, gari limebatizwa Van Damn. Mama yake anaugua na dawa ni pesa. Si ndiyo deni unayotaka?

Fundi wa Umoja

Niliitazama ilipotoka 2015. Picha za mtaa ni nzuri, walikuja wakazipiga hapa kweli. Lakini Capheus wa msimu wa kwanza ni Mwingereza, Aml Ameen, wa pili ni Toby Onwumere, na lafudhi yao haijawahi kupanda gari la Umoja. Tena abiria wale wana adabu mno. Matatu gani hiyo isiyo na ugomvi wa chenji? Hata hivyo nakubali jambo moja: yeye peke yake kati ya wale wanane ndiye niliyeamini kwamba kesho lazima aamke aende kazini.

Njeri wa Tao

Mnazunguka dunia nzima na Pumzi iko hapa nyumbani. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, 2009. Maji yamekwisha duniani, watu wanaishi ndani, wanakimbia kwenye mashine ili umeme upatikane, na mkojo na jasho vinasafishwa vinywewe. Kunywa kwenyewe ni kwa kipimo. Dakika ishirini na kitu tu, Fundi, hata tokeni za stima hazitaisha.

Fundi wa Umoja

Njeri, hiyo ya kuzalisha umeme kwa miguu nimeipenda kabla sijaiona. Leo usiku.

Shosh, hiyo Deep Space Nine lazima nianze mwanzo? Niliwahi kujaribu, nikalala.

Shosh wa Sayari

Ruka vingi vya msimu wa kwanza, hutakosa kitu. Ila "Duet" usiiruke, na usiitazame ukiwa na usingizi. Ni watu wawili wanaongea kwenye seli ya mahabusu, karibu yote.

Kiti cha Nyuma

Chenji ya Capheus bado naitetea. Msimu wa pili utazame tena.