Re: Kliniki wamekataa kunipa majibu ya shangazi, eti HIPAA

Mpwa, Houston:

Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Naombeni msaada kabla presha haijanipanda na mimi. Shangazi yangu niko naye hapa Houston, ana kisukari na figo zimeanza kusumbua, Kiingereza cha ana kwa ana anajitahidi ila cha kwenye simu kinamshinda kabisa, kwa hiyo mimi ndo dereva, mimi ndo msomaji wa barua, mimi ndo wa kwenda kuchukua dawa. Wiki iliyopita katolewa damu. Leo nimepiga kuulizia majibu, dada wa mapokezi ananiambia hawezi hata kuthibitisha kama kuna mtu wa jina hilo anatibiwa pale, na huyo huyo ndo alituomba kadi ya bima tukiwa tumesimama mbele yake! Nikamwambia huyo ni sawa na mama yangu, akasema HIPAA, ile sheria ya Marekani ya siri za wagonjwa, akanitakia siku njema, akakata. Hivi sheria inasema ndugu wasiambiwe kitu? Na mbona tulipofika kwa daktari wa figo mara ya kwanza kabisa tulikuta wana mafaili yote ya kule kliniki bila sisi kupeleka hata karatasi moja? Wao kwa wao wanapeana, mimi wa damu nanyimwa.

Mama Wawili, Atlanta:

Pole mdogo wangu, ndo walivyo. Mimi kwa mama yangu sijisumbui, nikipiga najitambulisha kwa jina lake, nataja tarehe ya kuzaliwa, nakohoa kidogo, napewa kila kitu 😂

Kaka wa Mafaili, Columbus:

Dada Mama Wawili nimecheka lakini usimfundishe kijana hivyo. Nesi akikuuliza "kizunguzungu kimeisha?" ukajibu kimeisha ili mmalize simu, inaandikwa kwenye faili kwamba mgonjwa mwenyewe kasema, na dozi ya mama inapangwa kwa maneno yako.

Mimi niko kitengo cha rekodi hospitalini, kazi yangu kutwa ni kutoa mafaili na kukataa kutoa, ngoja nieleze ninavyoijua. HIPAA ni sheria ya 1996, ila kile kipande cha siri za mgonjwa kilianza kuzibana kliniki Aprili 2003. Haisemi popote kwamba ndugu wasiambiwe. Inasema ndugu au rafiki anayemuuguza mgonjwa au anayemlipia anaweza kuambiwa yale yanayohusu huo msaada wake, mradi mgonjwa kakubali, au kapewa nafasi ya kukataa na hakukataa. Ndo maana ukiingia na shangazi chumbani daktari anaongea mbele yako bila kukudai karatasi. Akiwa hajitambui daktari anatumia busara yake kuona kama kukuambia kuna faida kwa mgonjwa. Simu ni habari nyingine, yule dada anasikia sauti tu, atajuaje wewe ni mpwa na siyo mwenye nyumba wake au mtalaka? Sheria inamruhusu kuongea na wewe lakini haimlazimishi, na sijawahi kusikia mtu wa mapokezi amefukuzwa kazi kwa kunyamaza.

Cha kufanya leo hii: piga ukiwa naye, weka spika, ataje mwenyewe jina na tarehe ya kuzaliwa aseme anaruhusu waongee na wewe, hata kupitia mkalimani. Kwa simu hiyo inatosha. Mkienda tena ombeni fomu ya idhini ya kutoa taarifa. Kwenye lile rundo la karatasi mnalosaini haraka haraka mkisubiri kuitwa kuna moja yenye mistari miwili mitatu ya majina ya watu wa kuambiwa, na wengi wetu tunaiacha tupu kwa sababu tumeshaandika mtu wa dharura ukurasa wa kwanza tunadhani ndo hiyo hiyo. Siyo. Mtu wa dharura ni wa kupigiwa mambo yakiharibika, haina maana anaweza kuuliza majibu ya maabara. Andikeni jina lako, aweke alama kwenye maabara, dawa na bili, na muangalie idhini inaisha lini maana nyingine zinakufa baada ya mwaka. Akibadili mawazo anaifuta kwa maandishi, haulizwi kwa nini.

Halafu potali, ule ukurasa wa mtandaoni ambapo mgonjwa anaona majibu yake, MyChart au yoyote wanayotumia. Usiingie kwa paswadi ya shangazi, omba uwekwe kama msaidizi wake kwa akaunti yako mwenyewe. Tangu Aprili 2021 hawaruhusiwi kukalia majibu bila sababu, kwa hiyo mara nyingi yanaingia humo kabla hata daktari hajayasoma, na hilo lina ubaya wake, mtu anaona namba nyekundu ijumaa jioni na wa kumuuliza hayupo hadi jumatatu.

Kuhusu daktari wa figo, wala hawajavunja sheria. Matibabu, malipo na uendeshaji wa kliniki, kwa hayo matatu HIPAA haiwadai saini ya mgonjwa. Ile karatasi ya faragha unayosaini siku ya kwanza unakiri tu kwamba umeipokea.

Penye bima ndo pana mtego ambao watu wetu hawaujui. Bima ikishalipa inatuma maelezo ya kilicholipiwa, zile EOB, kwa mwenye bima. Kama bima ni ya mume, karatasi inakwenda kwa mume, ina tarehe na jina la kliniki. Binti wa miaka 22 aliye kwenye bima ya baba, baba anaona. Nimeona ndoa zinatikisika kwa bahasha moja. Ukiwaandikia bima kwamba karatasi hiyo ikifika nyumbani unaweza kudhurika, lazima watume kwingine. Na ukilipa huduma yote mfukoni, una haki ya kuiambia kliniki isiipeleke kwa bima, nao lazima wakubali, ila sema kabla hawajaituma, ikishatoka hairudi.

Binti wa Pwani, Seattle:

Asante kaka. Mimi langu ni jingine. Hospitali ninayokwenda nusu ya manesi na CNA, wale wasaidizi wa manesi, ni watu wetu, tunasali nao, tunakutana nao kwenye harusi. Nimeahirisha kipimo fulani muda mrefu kwa sababu hiyo tu. Ananizuia nini mtu kufungua faili langu akiwa zamu ya usiku?

Kaka wa Mafaili, Columbus:

Dada usiahirishe kipimo. Kila anayefungua faili mfumo unaandika nani, saa ngapi, kaangalia ukurasa gani, na hiyo kumbukumbu haifutiki kwa kubonyeza. Ukiwa na wasiwasi na mtu fulani mwandikie ofisa wa faragha wa hospitali, kila hospitali lazima iwe naye, omba wakague nani kaingia kwenye faili lako, huhitaji ushahidi. UCLA kule Los Angeles walilipa dola 865,500 mwaka 2011 kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanachungulia mafaili ya watu maarufu, na mwaka wa kabla yake mtafiti aliyekuwa akifanya kazi huko huko alihukumiwa miezi 4 jela, na wala hakuuza siri, alichungulia tu. CNA anajua hilo, wanafundishwa siku ya kwanza. Hospitali wakikupuuza kuna OCR, ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya afya ya Marekani, malalamiko ni bure, una siku 180 tangu ujue. Ila usitegemee fidia mfukoni mwako, sheria hii yenyewe haikupi nafasi ya kumshtaki mtu mahakamani.

Mzee wa Bukavu, Louisville:

Bandugu jambo. Hapa kwetu shida ni utafsiri. Mama anaenda kwa muganga wa hospitali na mtoto wa miaka 11, mtoto ndo anamwambia mama habari ya tumbo la uzazi, jameni! Hospitali yenye kupokea pesa ya serikali, ile ya Medicaid na Medicare, bima za serikali za wenye kipato kidogo na za wazee, ni lazima ikupatie mkalimani bure, na mtoto mdogo haruhusiwi kutafsiri isipokuwa dharura kabisa. Huyu mkalimani naye amefungwa na siri sawa na nesi. Mkiona ni mtu munamjua, muna haki ya kuomba mwengine, ombeni wa simu mwenye kukaa mbali na jimbo lenu, museme pia Kiswahili cha Congo ao cha Tanzania maana figo na nyongo nimesikia zinachanganywa. Yule wa simu anataja namba yake mwanzoni, muiandike.

Mama Wawili, Atlanta:

Haya nimerudi, kukohoa nimeacha 😅 lakini tuseme ukweli, siri za wagonjwa wetu zinavuja kliniki au zinavuja kwenye magrupu yetu ya WhatsApp? Mtu kalazwa asubuhi, mchana kuna bango la mchango na picha yake ana mipira puani, ugonjwa umetajwa hadi hatua. HIPAA haitugusi sisi wala mchungaji wala katibu wa chama. Kwetu mgonjwa ni wa wote najua, ila hata kumuuliza?

Kaka wa Minnesota:

Mama umegonga penyewe. Nyongeza, ukilazwa hospitali inakuweka kwenye orodha yao, mtu yeyote akikutaja kwa jina anaambiwa chumba na hali kwa ujumla, na viongozi wa dini wanaweza kuambiwa dini yako hata bila kukutaja jina. Wanatakiwa kukuuliza kwanza, basi kama hutaki msafara useme hapo hapo. Ukijitoa, anayepiga anajibiwa hatuna taarifa, na maua yanarudishwa. Pia hapa Minnesota sheria ya jimbo ni kali kuliko HIPAA, hata daktari kwa daktari mara nyingi wanataka idhini yako ya maandishi, kwa hiyo aliyehamia huku asishangae fomu zikiwa nyingi.

Mpwa, Houston:

Wakubwa asanteni sana. Tumepiga na spika, shangazi kaongea mwenyewe kupitia mkalimani, wametusomea majibu, creatinine, kile kipimo cha figo, imepanda kidogo, ana apointimenti jumanne. Mawili ya mwisho. Anataka nakala ya faili lote ampelekee daktari wake wa zamani Dar, kuna bili ya nyuma hatujamaliza, wanaweza kuzuia? Na jirani yetu mmoja hana makaratasi anaogopa kliniki itampeleka uhamiaji.

Kaka wa Mafaili, Columbus:

Nianze na jirani. Kliniki haina wajibu wa kuripoti nani hana makaratasi, na hata swali lenyewe anaweza asilijibu. Watu wa uhamiaji wakija na amri ya jaji ni jambo jingine. Ila mafaili yaliyo kwa daktari na data za Medicaid zilizo kwa serikali ni vitu viwili, mwaka 2025 serikali kuu iliwapa wizara ya Usalama wa Ndani, ndo wenye uhamiaji, data za Medicaid, majimbo kadhaa yakiongozwa na California yakaenda mahakamani. Kama ni suala la kujiandikisha Medicaid aongee kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, asisikilize grupu. Kama anaumwa aende emajensi leo.

Bili haizuii nakala, faili ni haki yake hata akidaiwa. HIPAA inawapa siku 30, na Texas kwa rekodi za kielektroniki, ombi likiwa la maandishi, ni siku 15 za kazi. Aandike anataka PDF, siyo makaratasi, na ataje kabisa maabara, maelezo ya daktari, orodha ya dawa, maana ukiandika "faili" tu wengine wanakupa muhtasari wa kurasa mbili. Picha za ultrasaundi au CT zinaombwa kivyake, idara ya picha, wanakupa kwenye CD. Na kwa vile figo ndo zimeanza, mkiwa huko chukueni na fomu ya Texas ya wakala wa matibabu, asaini mbele ya mashahidi wawili au notary akiwa bado mzima wa akili, siku akishindwa kuongea wewe ndo utakayeulizwa, siyo wa kuomba kuambiwa.

Bei wanaruhusiwa kutoza gharama ya kunakili na posta, siyo ya kutafuta faili, na wengi kwa nakala ya kielektroniki wanatoza bei moja isiyozidi dola 6.50. Wakikutajia dola mia waombe waandike wamehesabu nini na nini.